Kuangalia ndege alasiri Hifadhi ya Taifa Arusha: maziwa kwanza, msitu mwisho

Mkuyu_wa_Usa

Wakuu salaam.

Swali linarudi kila mara: nina nusu siku tu, kuanzia mchana, je, inafaa kwenda kuangalia ndege Hifadhi ya Arusha? Jibu linalotolewa haraka ni "nenda alfajiri". Alfajiri ni nzuri, hilo halina ubishi. Ila mgeni aliyetua uwanja wa ndege wa KIA asubuhi, au mtu anayetoka kazini Jumamosi saa 6, hana alfajiri. Ana alasiri, na alasiri ya msitu ule ni tajiri sana ukiipanga vizuri. Kinachowaangusha watu ni kuzunguka. Wanataka kumaliza barabara zote kabla geti halijafungwa, wanatoka na picha za twiga na vumbi. Msitu wa alasiri unataka usimame mahali pamoja, na mahali penyewe ni mti wenye matunda.

Mpangilio uko hivi. Kutoka Arusha mjini unashika barabara ya Moshi, unapita Tengeru na Usa River, kisha unakata kushoto kwenda geti la Ngongongare. Anayetoka Moshi anakata kulia kabla hajafika Usa River. Jitahidi kuingia saa 6 na nusu au saa 7 mchana. Malipo si ya fedha taslimu, kwa hiyo hakikisha kadi au simu ina salio kabla ya kufika, msije mkala nusu saa getini.

Ukishaingia, usiende msituni. Saa 7 hadi saa 9 msitu umelala: jua liko juu, ndege wa matunda wameshiba na wametulia kwenye kivuli, hata sauti ni chache. Pita uwanda wa Serengeti Ndogo bila kukaa sana, nenda moja kwa moja maziwa ya Momela. Ndege wa majini hawajifichi mchana. Maziwa yale hayafanani kwa kiasi cha magadi, na kwa hiyo hata mwani na rangi ya maji hutofautiana. Usimalize ziwa moja ukadhani umeona yote. Heroe (flamingo) wanafuata mwani, na idadi yao hupanda na kushuka; siku moja ziwa ni la waridi, siku nyingine wako wachache pembeni. Vibisi, ndege wadogo wa kupiga mbizi, wapo karibu wakati wote. Mtafute pia bata wa maccoa: dume ana mwili wa rangi ya kahawia nyekundu, mdomo wa buluu wakati wa kuzaliana, na mkia mgumu ambao mara nyingine huusimamisha. Ni bata adimu duniani, mpe muda wake. Kadiri alasiri inavyosogea jua linakuwa magharibi, kwa hiyo simama upande wa magharibi wa ziwa ili mwanga uwe mgongoni kwako. Ukisimama upande wa pili utaona vivuli vyeusi tu juu ya maji yanayometa.

Saa 9 na robo geuza gari. Saa 10 kasorobo uwe tayari kwenye msitu wa Ngurdoto, barabara inayopanda kwenye ukingo wa kreta. Nauchagua Ngurdoto kwa sababu mbili. Kwanza uko karibu na geti la Ngongongare, huhitaji kukimbia mwishoni. Pili ni mwanga. Hifadhi iko upande wa mashariki wa Mlima Meru wenye mita 4,566, na jua la jioni linazama nyuma ya mlima kabla ya kuchwa kwenyewe. Kadiri unavyokuwa karibu na mlima ndivyo kivuli kinavyokuwahi. Ngurdoto uko mbali kidogo zaidi mashariki, unabakiwa na mwanga wakati kule chini ya Meru majani yameshakuwa meusi.

Sasa mti wenyewe. Tafuta mkuyu au mtini pori uliozaa. Dalili: matunda yaliyopasuka chini, harufu ya uchachu, kinyesi chenye mbegu kwenye majani ya vichaka, vipande vinavyodondoka bila upepo, kima au mbega juu yake. Zima injini kabisa. Gari likiwa linanguruma polepole, darubini inatetemeka na hutaona hata jicho la ndege. Fungeni milango taratibu kama mmeruhusiwa kushuka hapo, la sivyo bakini ndani na mfungue paa.

Kosa kubwa ni kwenda chini ya mti. Ukiwa chini unaona matumbo na shingo inauma baada ya dakika tano. Kaa mita 20 hadi 30, na kwenye mteremko chagua upande wa juu. Uzuri wa barabara ya ukingoni ni huu: mti umeota chini ya barabara, kilele chake kiko sawa na macho yako. Ndege ambaye kwingine ungemtazama kwa kuinua kichwa, hapa unamtazama kama yuko dirishani.

Kisha subirini dakika 25 bila kuondoka. Kumi za mwanzo hazina kitu, kwa sababu ndege waliokuwemo waliganda mlipofika. Hapo ndipo magari mengi huondoka. Baada ya hapo majani yanaanza kucheza. Zuwakulu wenye shavu jeupe, ndege wala matunda wa mdomo mnene, huonekana mapema, wanakaa kwa kikundi, wanapenda matawi makavu ya juu. Ninga, njiwa wa kijani, wamo muda wote ila rangi yao ni ya majani, unawajua kwa tunda linalodondoka. Njiwa wa milimani mwenye mdomo na miguu ya njano hutua kwa kishindo. Halafu shorobo.

Shorobo wa Hartlaub ndiye wengi wanamfuata. Mgongo na kifua kijani, kichwa cha buluu nyeusi, doa jeupe mbele ya jicho na mstari mweupe chini yake. Haruki sana, anakimbia juu ya tawi kama kindi. Akiruka, mabawa yanafunguka mekundu sana, na wekundu huo ni wa rangi yenye madini ya shaba ndani yake, jambo la nadra kwa wanyama. Sauti yake ni nzito, ya kukoroma, na akianza mmoja mwingine anajibu bonde la pili. Usikimbilie sauti. Ngoja kwenye matunda, anakuja.

---

Dereva_Ngongongare

Mkuu umeeleza vizuri. Naongeza la barabara. Njia ya kwenda Ngare Nanyuki inapita ndani ya hifadhi na magari ya wananchi yanaitumia. Usiweke kituo chako cha kusubiri kwenye njia hiyo. Vumbi na kelele za lori moja zinafuta dakika 15 za utulivu. Toka uingie kwenye njia za ndani.

Kwenye masika, Machi hadi Mei, barabara ya ukingo wa kreta inateleza. Gari la magurudumu manne ni lazima, na muda wa kushuka uhesabu mara mbili. Kumbuka pia kwamba kushuka ndani ya kreta ya Ngurdoto hairuhusiwi, mnaishia ukingoni.

Geti: muwe pale kabla ya saa 12 jioni. Maana yake saa 11 na dakika 20 mnaondoka kwenye mti hata kama shorobo anaimba.

---

Kivuli_cha_Meru

Natofautiana kidogo na Mkuyu. Hoja ya mwanga ni kweli, lakini anayetaka ndege wa msitu wa milimani hasa, Ngurdoto hautoshi. Aende upande wa Meru kwa miguu na askari wa hifadhi, kuanzia geti la Momella. Kwa miguu bila askari mwenye bunduki hakuna ruhusa, na sababu ni nyati, ambao wanapenda uwanda wa nyasi wa upande ule na vichaka vya pembeni yake.

Ukichagua hivi, maziwa yapunguze. Ingia saa 6, maziwa kwa muda wa saa moja tu, saa 8 na nusu uwe unatembea, saa 10 na nusu uwe umerudi kwenye gari. Mwambie askari mapema kwamba mnakwenda kwa ajili ya ndege, si kufika maporomoko ya Tululusia na kurudi. Asipojua atatembea mwendo wake wa kawaida, na mwendo huo ni wa haraka mno. Kilomita 3 kwa saa 2 zinatosha. Watu 4 ni idadi nzuri. Wakizidi 6, wa mwisho hawaoni kitu.

Mambo mawili ya upande ule ambayo Ngurdoto huyapati kwa urahisi. La kwanza ni vijito. Kwenye mawe ya maji yanayokimbia yupo ndege mwembamba wa kijivu na mweupe, mkia mrefu unaotikisika juu chini bila kupumzika. Hakai kwenye maji yaliyotulia, kwa hiyo usimtafute ziwani.

La pili ni trogoni. Wapo wawili, na watu huwachanganya kwa sababu madume wote ni kijani mgongoni na wekundu tumboni. Angalia chini ya mkia. Mkia mweupe mtupu ni narina. Mkia wenye mistari myembamba myeusi na myeupe ni yule wa milimani, ambaye pia ana mabaka ya njano karibu na jicho, na unampata zaidi kadiri unavyopanda. Narina yuko pia misitu ya chini.

Kumpata: trogoni hukaa wima, kimya, tawi la katikati ya msitu, na ana tabia ya kukupa mgongo. Mgongo ni kijani, basi amepotea. Usitafute rangi nyekundu. Tafuta umbo lililosimama wima kwenye tawi lililolala, kichwa kikigeuka polepole. Sauti ya narina ni mivumo miwili miwili ya chini, inaanza hafifu na kukua, na inadanganya mwelekeo. Sogea hatua 15 pembeni usikilize tena, pale mielekeo miwili inapokutana ndipo alipo.

---

Mkuyu_wa_Usa

Kivuli, nakubali kwa trogoni wa milimani. Ila kwa mtu wa mara ya kwanza bado nasimama na Ngurdoto. Saa 10 na nusu wewe unarudi kwenye gari, na hiyo ndiyo saa msitu unaamka. Umetumia saa bora kwa kuendesha.

---

Kivuli_cha_Meru

Ndiyo maana nasema anayekwenda kwa miguu asimalizie Momella. Akirudi kwenye gari apite njia ya msituni polepole akielekea Ngongongare, asimame mara mbili, robo saa kila moja. Hapo tunakutana.

---

Lenzi_Safi

Wakuu, upande wa darubini naona haujaguswa na ndio unaoharibu alasiri za wengi.

Msituni chukua 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele ni milimita 42), acha 10x42 kwa ajili ya maziwa. Gawanya kipenyo cha lenzi kwa ukuzaji: 42 kwa 8 ni milimita 5.25, 42 kwa 10 ni 4.2. Huo ndio upana wa mwanga unaolifikia jicho, na kwenye kivuli mboni ya jicho inapanuka, inauhitaji wote. Pia 8 inaonyesha eneo pana zaidi, unamkuta ndege upesi, na mkono ukitetemeka haionekani sana. Zile ndogo za 8x25 za mfukoni zinakupa milimita 3 tu. Saa 11 jioni hazina msaada chini ya miti.

Wengi hawajarekebisha jicho la kulia. Fanyeni hivi getini mkisubiri malipo. Chagueni kibao chenye maandishi umbali wa mita 20 au zaidi. Funika lenzi ya mbele ya kulia kwa kiganja, macho yote wazi, zungusha gurudumu la katikati mpaka maandishi yakae sawa. Sasa funika ya kushoto, usiguse tena gurudumu la katikati, zungusha pete ya kwenye kioo cha jicho la kulia mpaka maandishi yawe makali vilevile. Weka alama ya pete hiyo, kwa sababu inazunguka yenyewe ndani ya mkoba. Anayevaa miwani akunje vikombe vya macho kabisa, asipofanya hivyo anaona duara dogo lenye kingo nyeusi.

Ukungu kwenye lenzi: ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi ukaingia hewa ya unyevu, vioo vinafunga kwa dakika kadhaa. Zima kiyoyozi mkiwa bado maziwani. Usifute kwa shati. Puliza vumbi kwanza, kisha brashi laini, kitambaa cha vioo mwisho, la sivyo mchanga unachora kioo. Nyumbani iache nje ya mkoba ikauke, unyevu uliofungiwa huzaa kuvu ndani ya lenzi na kuvu haifutiki kwa kitambaa.

---

Binti_wa_Tengeru

Asanteni kaka zangu. La kuelekezana halijasemwa.

Watu wanaotumia saa kuonyesha ndege, "saa 3 ya mti", waache. Mmoja anafikiria namba 3 iliyoandikwa kwenye uso wa saa, mwingine anafikiria mshale unapokuwa saa 3 asubuhi, na mshale wakati huo uko kwenye 9. Nusu ya kundi inaangalia kulia, nusu kushoto, na ndege ameondoka. Tumieni mti wenyewe: shina, panda ya kwanza, panda ya pili, tawi la kulia, theluthi ya mwisho. Aanze na kitu ambacho kila mtu anakiona, kama mwamba au tawi kavu jeupe, kisha asogee hatua kwa hatua. Msinyooshe mkono mzima, mkono unaoinuka ghafla ndio unaowatoa ndege kuliko sauti. Kiganja kifuani, kidole kinatosha.

Na kunyanyua darubini: macho yabaki kwa ndege, darubini ndiyo ije machoni. Anayeinamisha kichwa kuitafuta darubini shingoni akirudi juu hajui tawi lilikuwa lipi.

Mavazi: khaki, kijani kilichofifia, kahawia. Nyeupe iacheni. Nguo za mabaka za kijeshi msizivae kabisa, ni kosa kisheria kwa raia, na mgeni asiyejua aambiwe kabla hajafunga begi. Chakula fungeni kwenye kitambaa au karatasi, mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu 2019.

---

Siafu_Tahadhari

Dada umenikumbusha soksi. Suruali iingie ndani ya soksi kwa wanaotembea. Lakini siafu msiwaone kama adui tu. Msafara wa siafu ukivuka njia, wadudu wote waliokuwa chini ya majani makavu wanakimbia, na ndege wa vichaka vya chini wanakuja kuwachukua. Hao ndio wagumu kuliko wote kuwaona: wale wadogo wa kifua cha rangi ya chungwa wenye mstari mweupe juu ya jicho, na yule wa milimani mwenye kichwa cha kijivu na tumbo la njano kali. Simama mita 5 kutoka kwenye msafara, mbele ya uelekeo wake. Angalia sentimita 50 za kwanza kutoka ardhini. Angalia miguu yako kila dakika.

Vilevile kundi mchanganyiko. Unasikia msitu kimya, ghafla sauti ndogondogo nyingi, ndege wa aina saba au nane wanapita pamoja wakichokonoa majani. Ukiwafuata nyuma unaona mikia. Tazama wanaelekea wapi, zunguka kwa njia, wasubiri mbele. Ndani ya dakika 5 wamepita, kwa hiyo msifungue kitabu. Mtu mmoja aseme anachokiona kwa sauti ya chini, mwingine aandike: ukubwa, mdomo, jicho, mkia, yuko kimo gani cha mti. Kitabu baadaye.

---

Lenzi_Safi

Hondohondo hamjawasema na ndio saa yao.

---

Mkuyu_wa_Usa

Kweli kabisa. Kuanzia saa 10 na nusu hondohondo wakubwa wenye mashavu ya fedha wanahama kutoka kwenye miti ya matunda kwenda wanakolala, wawili wawili au makundi. Utasikia mabawa kabla hujawaona, ni mvumo mkubwa, kama mtu anapuliza mvukuto juu ya miti. Dume ana pembe kubwa ya rangi ya krimu juu ya mdomo, ya jike ni ndogo. Ukiona dume peke yake anarudi mara kwa mara kwenye shimo la mti uleule na koo limejaa, jike yumo ndani amejiziba kwa udongo, anabakisha ufa wa kupitishia matunda. Msisogee, msipige mwanga, ondokeni baada ya kumwona mara moja. Dume akiogopa kutua, aliyefungiwa ndani hali.

Kwa sababu hiyohiyo naomba tuache kucheza sauti za ndege kwenye simu. Ndege anaacha kula au kulisha, anakuja kupambana na mpinzani ambaye hayupo. Na mti wa barabarani unapigiwa sauti na kila gari, si lako peke yako.

---

Anza_Sasa

Wakuu, mvua ikinyesha saa 9 tunarudi? Na miezi ipi mizuri?

---

Siafu_Tahadhari

Msirudi. Mvua fupi ya vuli ikikatika, nusu saa inayofuata mara nyingi ndiyo bora ya siku nzima. Wadudu wanatoka, ndege wanapanda juu kukausha mabawa na wanakaa wazi. Wala-nyuki wa kifua cha kahawia wanatua kwenye tawi la pembeni ya msitu na kurudi tawi lilelile kila wakikamata mdudu, mpiga picha hapati nafasi rahisi kuliko hiyo. Beba mwavuli mdogo badala ya koti la plastiki; koti linapiga kelele kila unapoinua mkono.

Miezi: Oktoba au Novemba hadi Machi kuna wahamiaji kutoka Ulaya na Asia, idadi ya aina inapanda. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu unakaa chini hadi mchana, na hapo alasiri ina nafuu kuliko asubuhi, kwa sababu asubuhi huoni mti wa pili.

---

Rau_kwa_Miguu

Sisi wa Moshi ambao safari ya hadi Ngongongare ni ndefu, msitu wa Rau upo pembeni ya mji, mpunga unaishia na msitu unaanza. Mbinu za humu zote zinafanya kazi kule: mti wa matunda, kusubiri, kundi mchanganyiko. Tofauti ni kimo. Rau ni msitu wa tambarare unaoishi kwa maji ya ardhini, wenye mivule mikubwa sana, kwa hiyo trogoni wa milimani na wenzake msiwategemee. Mbega mtawaona. Ardhi ina unyevu, vaeni buti za mpira kipindi cha mvua. Ni hifadhi ya msitu chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), ingieni kwa utaratibu na mwenyeji anayejua njia. Anzeni kwenye ukingo wa mashamba saa 9, ingieni ndani saa 10.

---

Binti_wa_Tengeru

Na kwa Arusha, mwenye saa 2 tu aende Ziwa Duluti, Tengeru. Njia inazunguka ziwa la kreta chini ya miti, inatembeleka kwa miguu, maji upande mmoja na msitu upande mwingine. Azunguke kwa uelekeo utakaomwacha upande wa magharibi wa ziwa mwishoni, jua liwe mgongoni.

---

Anza_Sasa

Nashukuru sana. La mwisho: orodha tunaandikaje ili iwe na faida kwa wengine?

---

Kivuli_cha_Meru

Orodha tofauti kwa kila eneo. Maziwa peke yake, Ngurdoto peke yake, matembezi peke yake. Ukichanganya, mwenye kuisoma atadhani kibisi yuko msituni. Kwa kila orodha andika saa ya kuanza, dakika ulizokaa, umbali uliotembea au kwamba ulisimama, na idadi ya kila ndege, si jina tu. Shorobo 4 ni taarifa, "shorobo" pekee ni nusu taarifa. Uliyemsikia bila kumwona andika "sauti". Usiyemjua mwandike hivyo hivyo, "trogoni, mkia haukuonekana", usilazimishe aina. eBird, programu ya simu ya kuandikia ndege, inapokea orodha za namna hii, na unaweza kuijaza bila mtandao ukiwa ndani kisha ukaituma ukifika Usa River. Ijaze kwenye gari jioni ileile. Kesho yake idadi zinakuwa za kukisia.